Kamera nne na DVR ya Hikvision kutoka Kariakoo: picha safi, funguo anazo nani?

Ukiulizia kamera za duka Kariakoo utaonyeshwa vitu vitatu. Kuna balbu ya Wi-Fi yenye kamera ndani, inayofungwa kwenye holda ya taa na kurekodi kwenye kadi ya kumbukumbu. Kuna kamera za IP, zinazotuma picha kwa mtandao, zenye kirekodi chake, yaani NVR. Na kuna ile ambayo wengi wanaondoka nayo kwenda kwenye fremu za Sinza, maghala ya Vingunguti na nyumba za Mbezi: seti ya kamera nne za Hikvision Turbo HD za megapikseli 2, DVR ya chaneli 4, yaani kirekodi cha video, diski, sanduku la umeme na roli ya waya. Tunayoipima hapa ni hiyo ya mwisho.

Kwa picha na uimara, seti hii inalipa. Kwa usalama wa taarifa, kila kitu kinategemea saa ya mwisho ya kazi ya fundi, na saa hiyo ndiyo hupunjwa, kwa sababu jioni imeingia, mteja keshaona picha kwenye simu yake na fundi anataka chake aondoke.

Tuanze na picha, maana ndiyo inayouza. Kamera ya megapikseli 2 inatoa pikseli 1920 kwa 1080. DVR za daraja la chini, zenye herufi HGHI kwenye jina la modeli, hazihifadhi zote. Kwenye hali iitwayo 1080p Lite zinahifadhi 960 kwa 1080, nusu ya upana, halafu zinaivuta picha wakati wa kuonyesha. Pale dukani hutaijua tofauti kwa kuwa unaangalia picha ya moja kwa moja. Mwambie muuzaji arudishe nyuma rekodi ya dakika mbili zilizopita, aisimamishe, akuze uso wa aliyepita mlangoni. Hiyo ndiyo picha utakayopeleka polisi, siyo ile nyingine.

Lenzi iliyo kwenye seti nyingi ni ya milimita 2.8, inayoona upana wa nyuzi 103 hivi. Kwa umbali wa mita 10, hapo ni mita 25 za upana. Pikseli 1920 zikigawanywa kwa mita 25 unabaki na 76 kwa mita. Kwenye Lite, 38. Kiwango cha kimataifa cha kamera za ulinzi, IEC 62676-4 cha 2014, kilitaka pikseli 250 kwa mita ili umtambue mtu usiyemjua bila shaka. Kwa lenzi hii idadi hiyo unaipata ndani ya mita 3 tu, na kwa Lite ndani ya mita moja na nusu. Kamera iliyotundikwa kwenye kona ya ghorofa ya pili itakwambia mwizi alivaa shati la mikono mirefu, basi. Kwa hiyo kati ya kamera nne, moja iondoe kwenye mandhari uilete mlangoni au kaunta, urefu wa mita 2 hadi 2.2 kutoka sakafuni, na hiyo moja omba iwe na lenzi ya milimita 3.6.

Waya ndio unaoharibu seti nzuri. Chukua kisu, kwangua kidogo uzi wa waya wa umeme kwenye roli. Ukiwa mwekundu juu na mweupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Hesabu yake ni hii: kamera moja usiku, taa zake za infraredi zikiwaka, inakula kama wati 4, yaani ampea 0.33 kwa volti 12. Waya wa shaba halisi wa milimita za mraba 0.5 ukienda mita 40 unapoteza volti 0.9 hivi, hakuna neno. Waya mwembamba wa 0.2 wa alumini kwa umbali uleule unapoteza volti 3.6. Kamera inabaki na 8.4 wakati imeandikiwa 12 na uvumilivu wa asilimia 25, maana yake haitaki kushuka chini ya 9. Mchana inafanya kazi vizuri kabisa. Saa moja usiku taa zinawaka, volti zinashuka, kamera inajizima. Taa zikizimika volti zinapanda, inajiwasha. Na hivyo hadi alfajiri. Fundi ataitwa mchana, ataikuta nzima, atalaumu TANESCO.

Kwa walio karibu na bahari, Kunduchi, Msasani, Kigamboni, jambo la pili ni viunganishi vya BNC, vya waya wa picha. Vile vya kuzungusha kwa mkono huingiwa na chumvi na kutu, picha inaanza kuwa na mistari, kisha inapotea. Dai vya kubanwa kwa koleo, vikae ndani ya kisanduku cha plastiki, siyo kuning'inia ukutani. Na buibui: wadudu hufuata taa ya infraredi, buibui huwafuata wadudu, na utando mbele ya lenzi unang'aa mweupe usiku na kukuamsha kwa taarifa za "mwendo" kila baada ya dakika. Ufagio kila wiki mbili unatosha.

Diski. Kamera nne zikirekodi kwa megabiti 2 kwa sekunde kila moja zinajaza GB 86 kwa siku, kwa hiyo diski ya TB 1 inabeba siku 11 na kitu kabla ya kuanza kujifuta. DVR ikiwa na H.265, njia mpya zaidi ya kubana video, siku zinakaribia mara mbili. Diski iwe ya kazi hii, WD Purple au Seagate SkyHawk, na uikague usije ukauziwa iliyotoka kwenye mashine nyingine na kubandikwa lebo mpya. Kwenye menyu ya diski kuna ukurasa wa S.M.A.R.T., wa afya ya diski; tafuta mstari wa saa za kufanya kazi. Mwaka una saa 8,760. Diski "mpya" yenye saa 20,000 imeshazunguka miaka miwili na zaidi kwa mtu mwingine.

Kabla hujalipa, geuza DVR usome namba yake ya utambulisho ya kiwandani (serial number). Katikati yake kuna kundi la herufi nne. Likiishia na WR, kifaa ni cha soko la dunia. Likiishia na CH, ni cha soko la ndani la China, kimeingizwa kwa njia ya mkato na mara nyingine kimebadilishwa lugha na mtu. Kitafanya kazi, lakini siku ukitaka kukisasisha kwa programu ya kimataifa kinaweza kurudi Kichina au kufa kabisa. Na kifaa kisichosasishika ndicho hasa usichokitaka, kama tutakavyoona.

Sasa funguo.

DVR ya Hikvision ikitoka kwenye boksi haina neno la siri. Inadai uiwezeshe kwanza kwa kuweka neno la msimamizi, yaani admin. Zamani haikuwa hivyo. Hadi 2015 zilikuja na admin na 12345, na mazoea hayo hayakufa, yalihamia kwa mafundi. Fundi mwenye wateja sitini hawezi kukariri maneno sitini, kwa hiyo anaweka lilelile moja kila mahali, mara nyingi jina la biashara yake na tarakimu mbili tatu. Anayelijua kwa mteja mmoja anawajua wote. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na DVR kwa mamia ya maelfu duniani ikiwa na orodha ya jozi zipatazo 60 tu za majina na maneno ya siri ya kiwandani. Haikuhitaji ujanja zaidi ya huo.

Kibaya kuliko neno la siri ni akaunti. Ili uone kamera ukiwa mbali, DVR inasajiliwa kwenye huduma ya Hik-Connect, na DVR moja inakaa kwenye akaunti moja tu. Wengine wote wanapewa kwa kushirikishwa. Kinachotokea mara nyingi: fundi anatoa simu yake, anapiga picha ya msimbo wa QR ulio kwenye DVR, DVR inaingia kwenye akaunti yake, kisha "anakushirikisha". Picha zinaonekana kwenye simu yako, umefurahi. Kisheria umenunua wewe. Kiufundi mwenye mali ni yeye. Anaona sebule yako, anaona unavyofungua droo ya fedha, anajua saa unayofunga, na siku mkikosana anakuondoa kwa kidole kimoja. Si lazima fundi awe mtu mbaya. Simu yake ikiibwa Mwenge, mwizi ana nyumba za wateja wote mfukoni.

Kwa hiyo kazi ifanyike hivi, na ifanyike fundi akiwa bado yupo:

Neno la admin andika wewe kwa mkono wako kwenye skrini, herufi nane kwenda juu zenye mchanganyiko, fundi akiwa ametazama pembeni. Ukiulizwa mchoro wa kufungulia, weka mgumu kukisiwa, usiwe wa umbo la L wala Z. DVR itakuuliza maswali ya kurejesha neno la siri na itatoa faili la GUID. Lihifadhi kwenye flashi uiweke na hati zako, maana bila hivyo ukisahau neno utarudi kwa muuzaji kuomba.

Hik-Connect ipakue kwenye simu yako, fungua akaunti kwa namba au barua pepe yako, na uipige QR wewe. Kwenye DVR, ukurasa wa Platform Access utakutaka uweke msimbo wa uthibitisho wa herufi 6 hadi 12. Msimbo huo ndio pia unaofunga picha zisisomeke njiani, kwa hiyo usiache ule wa abcdef aliouzoea fundi. Kisha washirikishe mke, mume au meneja, na uchague wanachoruhusiwa: picha ya moja kwa moja pekee, au na kurudisha nyuma. Muuzaji wa dukani hahitaji kufuta wala kunakili.

Kama DVR ilishafungwa zamani kwa akaunti ya fundi, hujakwama. Unganisha simu kwenye Wi-Fi ileile ya DVR, jaribu kuiongeza, programu itakwambia ni ya mtu mwingine na itakupa njia ya kuiondoa kwake kwa kutumia neno la admin. Ndiyo maana neno la admin linatangulia.

Kisha ruta. Mafundi wa zamani bado wanafungua milango ya mtandao (port) namba 80, 8000 na 554 kwenye ruta ili DVR ifikiwe moja kwa moja kutoka nje. Kwa ruta za laini za simu hilo mara nyingi halifanyi kazi, kwa sababu wateja wengi wanatumia anwani moja ya nje. Kwenye faiba yenye anwani yake ya umma linafanya kazi vizuri, na hapo ndipo hatari ilipo. Zima UPnP, inayoruhusu vifaa kujifungulia milango, kwenye ruta na kwenye DVR, futa kila mlango uliofunguliwa kwenye orodha. Hik-Connect haihitaji mlango wowote, yenyewe ndiyo inayotoka nje.

Kwa nini milango inatisha? Septemba 2021 ilitangazwa hitilafu namba CVE-2021-36260 kwenye kamera za IP na baadhi ya virekodi vya Hikvision: yeyote aliyeufikia ukurasa wa wavuti wa kifaa aliweza kukiamrisha bila jina wala neno la siri, kwa uzito wa 9.8 kati ya 10. Sasisho lilitoka wakati huohuo. Mwaka mmoja baadaye, kampuni ya usalama wa mtandao ya CYFIRMA ilihesabu zaidi ya kamera 80,000 zikiwa bado hazijasasishwa. Neno la siri refu kama reli lisingekusaidia chochote. Mlango uliofungwa ungekusaidia. Hivyo kabla ya kuunganisha intaneti, soma toleo la programu ya ndani kwenye ukurasa wa taarifa za mfumo, linganisha na lililopo kwenye tovuti ya Hikvision kwa modeli hiyohiyo, sasisha kwa flashi, na umeme usikatike katikati.

Wapo wanaouliza kuhusu China. Hangzhou ndiko makao ya kampuni, na mwanahisa wake mkubwa kuliko wote ni shirika la serikali, CETC. Marekani ilizuia taasisi zake za serikali kuu kununua vifaa hivi kwa sheria ya 2018, Uingereza iliziambia wizara zake Novemba 2022 ziache kuvifunga kwenye maeneo nyeti, na Kanada iliiamuru kampuni ifunge shughuli zake huko Juni 2025. Kwa duka la vipuri Ilala, hofu hiyo iko mbali. Fundi na mlango uliofunguliwa wako karibu. Kwa ofisi ya wakili, chumba cha habari au ubalozi, hesabu ni nyingine. Desemba 2020 Reuters iliripoti kwamba wataalamu wa Japani waliuonya Umoja wa Afrika kuwa wadukuzi waliodhaniwa kuwa Wachina walikuwa wakinyonya video za kamera za makao makuu, Addis Ababa: ofisi, maegesho, korido, vyumba vya mikutano. Januari 2024 idara ya usalama ya Ukraine ilisema Warusi waliingilia kamera mbili za makazi Kyiv wapate kuona ulinzi wa anga. Kamera ya mpangaji ikageuka kuwa ya mpelelezi, bila mpangaji kujua. Kwa sehemu za namna hiyo shauri letu ni fupi: DVR isiunganishwe na intaneti kabisa. Iwe na skrini yake, ndani ya kabati la chuma, na ufunguo uwe kwa mtu mmoja.

Na kwa kweli hata fremu nyingi hazihitaji intaneti. Mwenye duka anashinda humohumo. Anachotaka ni kurudisha nyuma pakitokea jambo. Seti inarekodi sawasawa bila ruta.

Upande wa dola ya hapa nyumbani nao ujulikane. Chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, mkuu wa kituo cha polisi anaweza kutoa amri ya kukagua na kuchukua kifaa, bila kupitia hakimu. Askari akija kwa DVR yako, omba kuiona amri, andika namba ya utambulisho ya DVR na ya diski kwenye hati ya makabidhiano, na pendekeza nakala kwenye flashi kwanza. Mara nyingi inatosha. Sheria hiyohiyo inamfanya fundi anayeingia kwenye DVR yako bila ruhusa kuwa mkosaji. Wewe nawe unabanwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023: biashara inayorekodi wafanyakazi na wateja inakusanya taarifa binafsi, na wakusanyaji wanatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Bandika tangazo mlangoni, usielekeze kamera kwenye dirisha la jirani wala choo, na kama kamera zako zina maikrofoni, zima sauti. Ukweli ni kwamba sauti haimkamati mwizi. Inakusanya maneno ya wasiohusika.

Ikifika mahakamani, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaangalia rekodi ilivyotengenezwa na ilivyotunzwa. Saa ya DVR ikiwa nyuma kwa siku mbili, wakili wa upande wa pili atacheka. Weka ukanda wa GMT+3, na kama haina intaneti ilinganishe na simu kila mwezi.

Bando: picha ndogo ya kuangalia mbali, kilobiti 512, inakula MB 230 kwa saa kwa kamera moja, picha kubwa ya megabiti 2 inakula MB 900. Anayeacha programu wazi kutwa asishangae bando. Umeme: DVR, diski, kamera nne na ruta ni wati 45 hivi, na UPS ya VA 650 yenye betri ya ampea-saa 7 itakubeba kama saa moja. DVR ikizimika ghafla kila siku, diski ndiyo inayolipa.

Ukija kuiuza au kuhama, futa diski kutoka kwenye menyu kisha uitoe ubaki nayo, na uiondoe DVR kwenye akaunti yako ya Hik-Connect kabla hujampa mtu. Usipofanya hivyo, mnunuzi ataifunga kwake Mbagala, na simu yako itakuonyesha sebule yake mpaka atakapostuka.